Hewa Si Bure: Safari Ndefu ya Oksijeni Hadi Puani

Kuna tarehe mbili ambazo zimekaa kichwani mwangu kwa muda. Ya kwanza ni 1 Agosti 1774, siku ambayo Joseph Priestley, mhubiri Mwingereza aliyependa kuchezea gesi, aliipata oksijeni. Ya pili ni mwaka 2017, wakati Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipoiandika oksijeni kwenye orodha yake ya dawa muhimu kama tiba ya mgonjwa yeyote ambaye damu yake imepungukiwa nayo. Kabla ya hapo, orodha hiyo iliitaja pamoja na dawa za usingizi za chumba cha upasuaji, basi.

Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka 243. Ebu linganisha: penisilini iligunduliwa mwaka 1928, na kufikia katikati ya miaka ya 1940 ilikuwa tayari inadungwa wanajeshi. Sasa oksijeni, kitu ambacho hata mtoto wa darasa la nne anajua tunakihitaji, ilichelewa wapi muda huo wote?

Ukiifuata historia yenyewe, unakuta wanasayansi wako mbele kwa muda mfupi tu. Baada yao ni kazi ya mafundi: watu wa mabomba, vali, mipira na mitungi. Kuipata gesi kulichukua miale ya jua na lenzi. Kuitoa pale ilipo na kuifikisha ndani ya pua ya mtu mmoja, kwa kipimo kinachomfaa, usiku kucha bila kukatika, hiyo ndiyo kazi ambayo hatujaimaliza hadi leo.

Gesi bila njia

Priestley alikuwa Calne, kusini mwa Uingereza. Alichukua unga mwekundu wa zebaki, akaupiga kwa miale ya jua kupitia lenzi kubwa, na gesi iliyotoka ikafanya mshumaa uwake kwa nguvu za ajabu. Mwaka uliofuata alimfungia panya ndani ya gesi hiyo, na panya akaishi muda mrefu kuliko ambavyo angeishi kwenye hewa ya kawaida ya kiasi hicho hicho. Kisha akaivuta mwenyewe, akasikia kifua chepesi. Aliwaza kwamba huenda ikawafaa wagonjwa wa mapafu, na pia kwamba huenda siku moja ikawa kitu cha anasa. Hilo la anasa lilitimia kabisa, kama tutakavyoona.

Kusema kweli, hakuwa wa kwanza. Carl Wilhelm Scheele, mfamasia wa Uswidi, alikuwa ameipata kabla yake, ila kitabu chake kilichelewa kutoka hadi 1777. Jina la oksijeni lilitoka kwa Antoine Lavoisier wa Paris, ambaye mapinduzi ya Ufaransa yalimkata kichwa mwaka 1794.

Mwaka huo huo wa 1794, binti ya James Watt, yule wa injini ya mvuke, alifariki kwa kifua kikuu. Watt alishirikiana na daktari Thomas Beddoes kuunda mitambo ya kutengeneza gesi, pamoja na mifuko ya hariri iliyopakwa mafuta ambayo mgonjwa angevutia. Kwa hivyo mojawapo ya mitambo ya mwanzo kabisa ya kumpa mgonjwa gesi avute ilitoka kwenye mikono ya fundi aliyefiwa na mtoto. Beddoes alifungua taasisi yake mjini Bristol mwaka 1799. Haikudumu. Gesi ilikuwa kidogo, ilitolewa kwa muda mfupi, tena kwa kila aina ya ugonjwa, hata ule usiohusiana na pumzi. Taasisi hiyo inakumbukwa zaidi kwa kijana aliyeajiriwa hapo, Humphry Davy, na majaribio yake ya gesi ya kucheka.

Karne ya 19 iliyofuata ilikuwa ya kubahatisha. Oksijeni ikawa biashara ya matapeli na jaribio la madaktari waliokata tamaa. Wapo walioidunga chini ya ngozi. Wapo walioipitisha kwa njia ya haja kubwa. Mwaka 1885 daktari mmoja huko York, Pennsylvania, George Holtzapple, aliitwa kwa kijana wa miaka 16 aliyekuwa akifa kwa nimonia. Hakuwa na mtungi. Alichemsha kemikali kando ya kitanda kwa taa ya spiriti, akapitisha gesi ile karibu na uso wa kijana, na kijana akapona. Ni kisa kizuri, lakini angalia kilichohitajika: daktari aliyejua kemia, vifaa nyumbani, na mgonjwa mmoja tu. Huwezi kuendesha wodi ya vitanda 30 hivyo.

Vita, barakoa na lita kwa dakika

Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, jeshi la Wajerumani lilifungulia mitungi ya klorini, na upepo ukaisukuma gesi hadi kwenye mahandaki ya adui. Mapafu ya wanajeshi yaliungua. Uingereza ilimtuma John Scott Haldane, mtaalamu wa kupumua aliyezoea kuingia migodini kuchunguza gesi zilizoua wachimbaji, na ambaye alikuwa na tabia ya kujifanyia majaribio yeye mwenyewe.

Wakati huo, kumpa mgonjwa oksijeni mara nyingi kulimaanisha kushika faneli mbele ya uso wake na kufungulia. Karibu gesi yote iliishia chumbani. Ni kama kujaza chupa ya soda kwa kuirushia maji kutoka ng'ambo ya barabara. Haldane aliunda barakoa ya kukaa usoni, mfuko wa kuhifadhi gesi wakati mgonjwa anatoa pumzi, na koki yenye alama za kuonyesha ni lita ngapi zinapita kila dakika. Mwaka 1917 alieleza haya yote katika jarida la British Medical Journal.

Hizo lita kwa dakika ndizo zilizobadilisha mambo. Kitu ambacho hakipimwi hakiwezi kuandikwa kwenye faili ya mgonjwa. Huwezi kumwambia nesi wa zamu ya usiku "mpe kidogo" ukategemea kwamba kidogo chake ni kidogo chako. Kuanzia hapo oksijeni ilikuwa na dozi kama dawa nyingine.

Mitungi yenyewe, lakini, haikukua kwa ajili ya wagonjwa. Mjerumani Carl von Linde aliigeuza hewa kuwa kimiminiko mwaka 1895, na kufikia 1902 alikuwa anaitenganisha oksijeni kutoka kwenye kimiminiko hicho kwa wingi. Wateja wakubwa walikuwa watu wa vyuma. Hata leo, fundi wa jua kali anayekata chuma kwa moto wa asetilini anatumia gesi ile ile inayomshikilia mgonjwa wodini. Tofauti iko kwenye usafi, vipimo na makaratasi. Kwa hivyo kiwanda kilijengwa palipokuwa na chuma cha kukatwa, na hospitali iliyokuwa mbali na chuma ikawa mbali na oksijeni pia.

Miaka ya 1920 ilileta hema za oksijeni. Mgonjwa alilala ndani ya hema kitandani, gesi ikijaa humo. Tatizo lilikuwa joto na unyevu, mpaka Alvan Barach wa New York alipoziboresha kwa kupoza hewa kwa barafu mwaka 1926. Hema zilimeza gesi nyingi, na cheche moja humo ilikuwa msiba. Mwaka 1938 madaktari wa Mayo Clinic walitoa barakoa yenye mfuko, iliyotengenezwa wakiwafikiria marubani wa ndege za juu sana. Barakoa hiyo ni babu wa ile yenye mfuko unaoiona wodini leo.

Kuzidi nako ni hatari

Hapa historia inapinda. Katika miaka ya 1940, hospitali za nchi tajiri zilianza kuona kitu cha kutisha: watoto waliozaliwa kabla ya siku zao walikuwa wanapona, halafu wanapofuka. Ugonjwa huo ulielezwa kwanza huko Boston mwaka 1942. Ajabu ni kwamba ulionekana zaidi pale palipokuwa na vifaa bora zaidi.

Mwaka 1951, Kate Campbell, daktari wa watoto wa Melbourne, aliona kwamba upofu ulikuwa mwingi zaidi pale watoto walipopewa oksijeni kwa wingi. Utafiti wa hospitali 18 za Marekani, uliotoa matokeo yake mwaka 1954, ulithibitisha jambo hilo. Oksijeni nyingi ilikuwa inaharibu mishipa midogo ya macho ambayo bado haijakomaa. Inakadiriwa watoto 10,000 hivi duniani walipofuka kabla ya mkono kurudishwa nyuma. Mmoja wao unamjua, hata kama hujui kwamba unamjua: Stevie Wonder, aliyezaliwa Michigan mwaka 1950, kabla ya siku zake.

Somo lingine lilitoka kwa watu wazima wenye ugonjwa sugu wa mapafu, wengi wao wavutaji sigara wa miaka mingi. Ukiwapa oksijeni kupita kiasi, kabonidayoksaidi hujikusanya mwilini hadi wanasinzia na wengine wasiamke. Moran Campbell, daktari wa London, alipata jibu la kifundi mwaka 1960. Aliipitisha oksijeni kwenye tundu dogo ili itoke kwa kasi na kuvuta hewa ya chumbani kwa uwiano usiobadilika. Badilisha tundu, unabadilisha asilimia: 24, 28, 35. Barakoa hiyo ya Venturi ni plastiki ya bei ndogo, haihitaji stima, na bado inatumika.

Kwa hivyo kufikia wakati nchi zetu zinajipatia uhuru, dunia ilikuwa imeshajua mambo mawili. Oksijeni kidogo mno inaua. Nyingi mno inaweza kudhuru. Kilichobaki ni kuipima na kuifikisha.

Hesabu ya usiku

Nikupeleke wodini kidogo, kwa sababu hapa ndipo historia yote hii inakuwa mpira mmoja mwembamba.

Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Ile mirija miwili midogo ya puani hupitisha lita 1 hadi 6 kwa dakika, na kila lita huongeza kama asilimia 4. Barakoa ya kawaida hutaka lita 5 hadi 10. Barakoa yenye mfuko hutaka 10 hadi 15. Mashine ya kusukuma hewa yenye joto na unyevu puani inaweza kufika lita 60 kwa dakika.

Sasa chukua mtungi mkubwa wa hospitali, wenye lita 6,800 hivi. Kwa lita 2 kwa dakika, utakaa zaidi ya saa 56. Kwa lita 10, saa 11 na dakika 20. Kwa lita 15, saa saba na nusu. Kwa lita 60 za oksijeni tupu, haufiki saa mbili. Mgonjwa anapozidiwa ndipo mtungi unapokimbia.

Mwaka 2021 nilikesha kando ya kitanda cha nyanya yangu katika hospitali moja ya kaunti. Kulikuwa na mtungi mmoja kati ya vitanda viwili, mpira umegawanywa mara mbili. Nesi alitembea na spana mfukoni kama fundi wa matatu. Kila baada ya muda alikuja kuangalia ile golo ndogo inayoelea kwenye kipimo, kisha mshale wa mtungi, kisha saa ya ukutani.

"Shosho, usiitoe hiyo mpira," alimwambia nyanya, aliyekuwa akiivuta kila akishtuka.

"Inaniwasha pua."

"Najua, shosho. Vumilia tu mpaka asubuhi."

Aliposogea pembeni nilimfuata. "Sista, itafika asubuhi kweli?"

"Ikikaa hapo kwa tatu, inafika," alisema. "Nikipandisha, haifiki. Lori linakuja saa mbili."

Hakuna chuo kinachofundisha somo hilo. Nesi alijua nyanya angefurahia lita sita. Alijua pia mama wa kitanda cha pili alihitaji zaidi. Alichukua mtungi, akagawanya kwa watu wawili, akagawanya tena kwa saa zilizobaki, na jibu likawa tatu. Haldane alitupa lita kwa dakika ili daktari aandike dozi kulingana na mgonjwa. Usiku ule dozi iliandikwa na lori. Lilifika saa tatu kasoro, na nyanya alirudi nyumbani baada ya siku 12.

Kutoka mtungi hadi hewa ya chumbani

Kama shida ni lori, jibu moja ni kuacha kulingoja. Katika miaka ya 1970 zilianza kutumika mashine zinazovuta hewa ya chumbani, kuisukuma kwenye punje za madini ya zeolaiti yanayonasa nitrojeni, na kuachia oksijeni ya asilimia 93 hivi. Ya kawaida hutoa lita 5 kwa dakika, nyingine 10. Haihitaji barabara. Inahitaji stima, kichujio safi, na mtu wa kuitengeneza. Hapo ndipo nyingi zimekwama: chumba cha stoo, vumbi juu, kibandiko cha mfadhili bado kinang'aa.

Kitu cha pili ni kile kibanio cha kidoleni. Takuo Aoyagi, mhandisi wa Japani, alibuni njia hiyo mwaka 1974. Taa mbili, nyekundu na infraredi, hupita kwenye kidole. Damu yenye oksijeni na isiyo nayo hunyonya mwanga huo tofauti, na mashine inakokotoa asilimia. Kabla ya hapo ilibidi utoe damu kwenye mshipa au uangalie kama midomo imegeuka bluu, na midomo ikigeuka bluu umeshachelewa.

Je, viwili hivi vikikaa pamoja vinasaidia? Papua New Guinea ilijibu. Hospitali tano ziliwekewa mashine za kuchuja oksijeni na vipimo vya kidoleni, na wahudumu wakafunzwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha vifo vya watoto wa nimonia vilipungua kwa asilimia 35. Huko Dhaka, daktari Mohammod Jobayer Chisti alitumia mpira uliotumbukizwa kwenye chupa ya maji, hata chupa ya shampuu iliyoisha, ili mapovu yaweke shinikizo dogo linalozuia mapafu ya mtoto kujifunga. Katika utafiti wa 2015, watoto 4 kwa kila 100 waliotibiwa kwa mapovu walifariki, ikilinganishwa na 15 kwa kila 100 waliopewa oksijeni ya kawaida ya puani.

Hapa kwetu, mwaka 2014 daktari Bernard Olayo na wenzake walianzisha Hewa Tele, mradi ulioanza na kiwanda Siaya. Wazo lenyewe ni kama la muuza maziwa: tengeneza karibu na wanywaji, pita kwa ratiba, chukua mitungi mitupu, acha iliyojaa. Jina hilo la Kiswahili halihitaji maelezo, na ndiyo maana nalipenda.

Nani anaonekana na kipimo

Kisa cha kibanio cha kidoleni kina mkia. Desemba 2020, watafiti wa Michigan walichapisha matokeo ya kulinganisha kipimo cha kidole na damu yenyewe. Kati ya wagonjwa ambao kibanio kilisema wako sawa, kwa asilimia 92 hadi 96, damu ilionyesha upungufu mkubwa kwa asilimia 11.7 ya wagonjwa Weusi, na asilimia 3.6 tu ya Wazungu. Rangi ya ngozi inaingilia mwanga. Dalili za tatizo hili zilishachapishwa mwaka 1990. Miaka 30 ilipita mashine zikiendelea kuuzwa, zikiwemo zilizoletwa kwetu, ambako karibu kila mgonjwa ni Mweusi.

Hilo ndilo jibu langu kwa lile swali la miaka 243. Hakuna siri ya kisayansi iliyokuwa imejificha. Kila hatua ilikuja haraka pale aliyeikosa alipokuwa mtu wa kuhesabiwa: mwanajeshi wa Ulaya, rubani, mtoto wa hospitali tajiri. Hatua zilizobaki zilikuwa za kumfikia mtoto wa nimonia Siaya, na hizo zilisubiri. Ilibidi wodi za Manaus ziishiwe na oksijeni Januari 2021, na Delhi miezi mitatu baadaye mbele ya kamera za dunia nzima, ndipo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani upitishe azimio kuhusu oksijeni ya matibabu mwezi Mei 2023. Mwaka 2025, tume ya jarida la Lancet ilikadiria kwamba watu bilioni 5 bado hawawezi kupata oksijeni salama wanayoimudu. Priestley alikisia anasa. Kumbe alikuwa anaongea kuhusu wodi ya kaunti.

Corona ilituachia viwanda vidogo vya oksijeni, mashine za kuchuja na mabomba ya ukutani katika hospitali nyingi. Kupiga picha za uzinduzi ni rahisi. Kwa hivyo 2027 wagombea wakija mtaani kwako na orodha ya hospitali walizojenga, waulize maswali ya fundi. Kiwanda cha oksijeni cha kaunti kinafanya kazi leo? Stima ikipotea, jenereta inawaka baada ya dakika ngapi, na dizeli iko? Vichujio vya mashine vilibadilishwa lini? Nani ameajiriwa kuzitengeneza, na amelipwa mwezi uliopita? Na usiku, kipimo cha lita kwa dakika kinaamuliwa na daktari, au na saa ambayo lori linafika?